Nani Anauliza Swali

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, afisa wa polisi wa treni za chini ya ardhi jijini New York aliyeitwa Jack Maple alibandika ramani za vituo ukutani na kuanza kuzitia alama kwa kalamu za rangi. Kila unyang'anyi ulipata alama yake: umetokea wapi, saa ngapi, kesi imetatuliwa au bado. Kabla ya hapo takwimu za uhalifu zilikusanywa zaidi ili kujaza ripoti, na zilipowafikia wakubwa zilikuwa zimeshapitwa na wakati. Mwaka 1994 William Bratton alipokabidhiwa polisi wa jiji zima, Maple akawa msaidizi wake wa karibu, na ramani zile zikazaa kikao kilichoitwa CompStat. Mkuu wa kituo anasimama mbele ya wakubwa wake, ramani ya eneo lake iko ukutani, kisha anaulizwa: watu wameporwa kwenye kona hii wiki nzima, wewe umefanya nini?

Swali hilo lilitoka kwa polisi likaingia ofisi za mameya, kisha za magavana wa majimbo ya Marekani. Huko lilifanya kazi ya kusifiwa, na huko huko likashindwa kwa namna iliyowanywesha watoto sumu. Nalifuatilia katika sura hii kwa sababu serikali nyingi duniani, zetu zikiwemo, zimeiga sehemu yake moja tu, yaani takwimu, na kumwacha nyuma muulizaji.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaisikia Ikulu ya Marekani kila siku, lakini majimbo yake 50 tunayasikia wakati wa uchaguzi tu. Hata hivyo mambo yanayomgusa Mmarekani wa kawaida, kuanzia shule ya mtoto wake, leseni ya udereva, magereza na barabara, hadi ukaguzi wa maji ya bomba, kwa sehemu kubwa yako mikononi mwa serikali ya jimbo au ya mji ulio chini yake. Gavana ana bajeti ya mabilioni ya dola, ana wakuu wa idara, ana bunge lake. Idara ikizembea, ni kwake hasa mwananchi anakopaswa kupata jibu.

Desemba 1999, Martin O'Malley, kijana wa miaka 36, aliapishwa kuwa meya wa Baltimore, mji wa bandari katika jimbo la Maryland. Kwa muongo mzima mji huo ulikuwa umezika zaidi ya watu 300 waliouawa kila mwaka. O'Malley alimwita Maple amshauri kuhusu polisi, kisha akajiuliza jambo ambalo leo linaonekana la wazi: ikiwa mkuu wa kituo cha polisi anaweza kuulizwa juu ya kila kona ya eneo lake, kwa nini mkuu wa idara ya taka asiulizwe? Katikati ya mwaka 2000 akaanzisha CitiStat.

Kila baada ya wiki mbili mkuu wa idara alisimama kwenye jukwaa dogo, timu yake ikiwa pembeni, mbele yake meya au wasaidizi wake wakuu pamoja na watu wa fedha, wa sheria na wa utumishi. Mazungumzo yalianza na mambo madogo kabisa: nani hakuja kazini, nani amelipwa saa za ziada na kwa kazi gani, malalamiko mangapi ya wananchi yamepitiliza muda. Wachambuzi wachache wa ofisi ya meya walikuwa wameshazipekua takwimu zake kabla ya kikao, na mara nyingine wameshafika mtaani kupiga picha. Mkuu akisema rundo la taka limeondolewa, picha ya rundo lile lile inatokea ukutani. Chumba chenyewe kiliandaliwa kwa takriban dola 20,000. Jiji lilitangaza kwamba katika mwaka wa kwanza liliokoa zaidi ya dola milioni 13, karibu nusu yake kutokana na malipo ya saa za ziada. Mwananchi aliyepiga simu kuripoti shimo la barabarani aliahidiwa lizibwe ndani ya saa 48. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Harvard kiliupa mpango huo tuzo yake ya ubunifu serikalini, na mameya kutoka miji mingine wakawa wanamiminika kuja kutazama.

Walichokuja kutazama kilikuwa chumba chenye ukuta wa skrini na jukwaa. Robert Behn, mhadhiri wa Harvard aliyevifuatilia vikao vya namna hii kwa miaka mingi na kuviandikia kitabu mwaka 2014, ameeleza mara kwa mara kwamba wengi walinakili kile kinachoonekana kwa macho, wakarudi makwao na kununua skrini. Nguvu ya kikao ilikuwa kwingine kabisa. Ilikuwa katika zile wiki mbili. Mkuu wa idara alijua kwamba ahadi aliyoitoa leo imeandikwa, kwamba baada ya siku 14 atasimama mbele ya watu wale wale, na kwamba watu hao wana mamlaka ya kumpa fedha, kumwondolea kikwazo cha idara nyingine, au kumwondoa yeye. Sehemu hiyo ya kumwondolea kikwazo husahaulika sana. Msimamizi wa magari ya taka anayekaa bila vipuri kwa sababu idara ya ununuzi haijapitisha karatasi hana kosa la kujibu, ila mwenye karatasi amekaa hatua tatu kutoka kwake chumba hicho hicho. Katika ofisi nyingi ninazozijua, watu hao wawili wangeandikiana barua mwaka mzima.

Lakini Baltimore ina upande wa pili, na kuufunika kombe ili mwanaharamu apite kungekuwa kumdanganya msomaji. Polisi wa mji huo nao walikuwa na vikao vyao vya takwimu, na waliulizwa juu ya uhalifu na juu ya watu waliokamatwa. Kukamata mtu ni rahisi kuliko kuzuia mauaji. Mwaka 2005 polisi wa Baltimore walikamata watu zaidi ya mara 100,000 katika mji wenye wakazi wapatao 640,000. Vijana weusi walibebwa kwa kukaa barazani au kusimama mtaani kwao, na maelfu wakaachiwa bila kufunguliwa mashtaka yoyote. Mashirika ya kutetea haki, yakiwemo ACLU na NAACP, yalifungua kesi mwaka 2006. Mwaka 2010 jiji likakubali kulipa dola 870,000 na kuachana na sera hiyo ya kukamatakamata. Agosti 2016, zaidi ya mwaka mmoja baada ya kijana Freddie Gray kufa kwa majeraha aliyoyapata mikononi mwa polisi, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa ripoti ndefu iliyoonyesha kwamba mazoea ya miaka ile yalikuwa bado yanaishi ndani ya jeshi hilo.

Wale vijana hawakuwa na kiti katika chumba cha takwimu. Kila aliyeuliza swali mle ndani alikuwa mkubwa wa anayejibu, na wote wawili walinufaika namba ikipanda. Kijana aliyelala rumande usiku kucha bila kosa alikuwa tarakimu moja katika safu ya mafanikio. Nadhani hapa ndipo kosa kubwa la mpango wote lilipojificha, na nitalirudia nikifika Michigan, kwa maana huko liliua.

O'Malley alichaguliwa gavana wa Maryland na kuingia ofisini Januari 2007. Aliubeba mtindo ule mpaka Annapolis, makao makuu ya jimbo, akauita StateStat. Jimbo si mji. Shimo la barabarani lina anwani, lakini uchafuzi wa Ghuba ya Chesapeake hauna mlango wa kubisha. Ghuba hiyo hupokea maji ya mito kutoka majimbo sita na mji mkuu wa nchi, na kilichokuwa kikiiua ni mbolea na kinyesi cha mifugo kinachosombwa na mvua kutoka mashambani, pamoja na maji machafu ya miji. Idara ya kilimo ilisema kosa ni la miji, ya mazingira ikawatazama wakulima, ya maliasili ikahesabu samaki. O'Malley akaunda kikao cha ghuba hiyo peke yake, BayStat, akawaweka wakuu wa idara hizo meza moja na wanasayansi wa chuo kikuu cha jimbo. Swali likabadilika. Badala ya kila idara kuulizwa imefanya nini, wote waliulizwa kwa pamoja: dola moja ikitumika leo, itazuia naitrojeni nyingi zaidi wapi? Jibu mojawapo lilikuwa kuwalipa wakulima wapande ngano au shayiri za kufunika ardhi wakati wa baridi, ili mizizi ifyonze mbolea iliyobaki kabla mvua haijaipeleka mtoni. Maryland ikalipia, na eneo lililopandwa likaongezeka.

Hilo ni jambo la kuheshimiwa. Lakini Larry Hogan, wa chama pinzani, alipoapishwa Januari 2015, StateStat haikuvuka mwaka: ilivunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na ofisi nyingine yenye jina jingine. Gavana mpya alikuwa na haki hiyo. Chombo kilikuwa cha gavana, kilimtumikia gavana, na kikaondoka naye. Wananchi wa Maryland walizoea kusoma takwimu zake, ila hawakuwahi kuwa wamiliki wake.

Upande wa pili wa nchi, kwenye pwani ya Pasifiki, jimbo la Washington lilipitia njia inayofanana kidogo. Christine Gregoire aliingia ugavana Januari 2005 na mwaka huo huo akaanzisha vikao vya utendaji chini ya mpango uliojulikana kwa kifupi kama GMAP. Alikaa mwenyewe kwenye kiti cha kuuliza, na vikao vilikuwa wazi kwa umma. Suala alilolishika mapema lilikuwa watoto wanaoteswa majumbani. Taarifa ikifika kwamba mtoto yuko hatarini, mfanyakazi wa ustawi wa jamii anamfikia baada ya muda gani? Kwa kesi zisizo za dharura kabisa, muda uliokubalika ulikuwa siku 10. Gregoire aliagiza ziwe saa 72, na kesi za dharura zisizidi saa 24, kisha kikao baada ya kikao akauliza ni watoto wangapi waliofikiwa kwa wakati, katika mkoa upi, na waliochelewa walichelewa kwa nini.

Ukitaka kujua kipimo kizuri kinafananaje, kitazame hicho. Kimeanzia kwa mtoto, hakikuanzia kwenye meza ya afisa. Idara ingeweza kujisifu kwa idadi ya mafaili iliyofungua, semina ilizoendesha au magari iliyonunua, na yote yangekuwa kweli huku mtoto akiendelea kuchapwa. Saa 72 hazina mahali pa kujifichia, kwa sababu ama mtu amegonga mlango wa nyumba ile, ama hajagonga.

Kusini mwa Washington, jimbo la Oregon lilikwama kwa wingi wa vipimo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 jimbo hilo lilianza kujiwekea malengo ya miaka 20, kuanzia mimba za utotoni hadi usafi wa hewa, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 vipimo vilikuwa vimepita 250. Ilibidi vifyekwe hadi 92 mwaka 1997. Wataalamu walisafiri kutoka nchi nyingi kwenda kujifunza huko. Mwaka 2009, bajeti ilipobana, bodi iliyosimamia vipimo hivyo ilinyimwa fedha na kazi yake ikakoma.

Sasa Michigan.

Novemba 2010 wapiga kura wa Michigan walimchagua Rick Snyder, mhasibu na mfanyabiashara aliyewahi kuwa kiongozi katika kampuni ya kompyuta ya Gateway. Alijinadi kama mtu wa namba, si mwanasiasa. Aliapishwa Januari 2011, na mwezi huo huo akazindua ubao wa takwimu kwenye intaneti ambapo raia yeyote angeweza kuona jimbo linapanda au linashuka katika uchumi, afya, elimu, usalama na matumizi ya fedha. Hakuishia hapo. Miji iliyotaka sehemu fulani ya ruzuku ya jimbo ililazimika nayo kuchapisha mbao zake za takwimu. Kama uwajibikaji ungekuwa takwimu zilizo wazi, Michigan ingekuwa miongoni mwa serikali zinazowajibika kuliko zote Marekani.

Snyder alikuwa na chombo kingine, sheria ya wasimamizi wa dharura. Mji ukielemewa na madeni, gavana angeweza kumteua msimamizi mmoja achukue mamlaka ya meya na baraza la madiwani. Novemba 2012 wananchi waliifuta sheria hiyo kwa kura. Mwezi uliofuata bunge la jimbo likapitisha nyingine inayofanana nayo, ikiwa na kifungu cha fedha ambacho kwa katiba ya Michigan kiliifanya isiweze kupigiwa kura ya kufutwa. Miji iliyowekwa chini ya wasimamizi ilikuwa kwa sehemu kubwa ya watu weusi na maskini. Mmojawapo ulikuwa Flint.

Flint ndiko kampuni ya General Motors ilikozaliwa mwaka 1908. Mwaka 1960 mji ulikuwa na karibu watu 200,000. Viwanda viliondoka, nusu ya watu wakaondoka, na waliobaki wengi wao ni weusi, wanne katika kila kumi wakiwa maskini. Mji ulikuwa ukinunua maji kutoka Detroit, maji safi ya Ziwa Huron. Ili kubana matumizi wakati bomba jipya likijengwa, tarehe 25 Aprili 2014 ulihamishiwa kwenye maji ya Mto Flint.

Maji ya mto yalikuwa makali kwa mabomba. Ipo dawa ya kawaida inayotiwa ili kuzuia mabomba kulika, na kwa Flint ilikadiriwa ingegharimu dola 100 hivi kwa siku. Haikutiwa. Idara ya mazingira ya jimbo, yenye kazi ya kisheria ya kusimamia maji ya kunywa, ilishikilia kwamba kanuni ziliruhusu kupima kwanza kwa vipindi viwili vya miezi sita ndipo iamuliwe kama dawa inahitajika. Maji yakaanza kula mabomba ya madini ya risasi yaliyopeleka maji majumbani, na risasi ikaingia bombani. Risasi haina ladha. Hudumaza ubongo wa mtoto, na madhara yake hayarudishwi nyuma.

Watu walilalamika tangu wiki za mwanzo. Walibeba chupa za maji ya kahawia hadi mikutanoni, wakaonyesha vipele kwenye ngozi za watoto wao. Oktoba 2014 General Motors iliacha kutumia maji hayo katika kiwanda chake kwa sababu yalikuwa yanatia kutu vipuri vya injini. Kiwanda kikarudi kwenye maji ya Ziwa Huron. Watoto wakabaki na ya mto.

Machi 2015 madiwani wa Flint walipiga kura saba kwa moja mji urudi kwenye maji ya Detroit. Msimamizi wa dharura alikataa, akisema ni gharama kubwa isiyo na sababu. Madiwani walichaguliwa na watu wanaokunywa maji yale, msimamizi aliteuliwa na gavana, na kwa mujibu wa sheria neno lililosimama ni la msimamizi. Mwezi uliofuata jimbo likatangaza kwamba dharura ya fedha ya Flint imekwisha, na msimamizi akaondoka. Kwa vipimo vilivyokuwa vikitazamwa huko Lansing, makao makuu ya jimbo, kazi ilikuwa imefanikiwa.

Mama mmoja, LeeAnne Walters, alipimiwa maji ya nyumbani kwake na kukuta risasi sehemu 104 kwa bilioni, wakati kikomo cha serikali ya shirikisho cha kuchukua hatua kilikuwa 15. Hakukubali kuambiwa kwamba tatizo ni la bomba lake mwenyewe. Alimtafuta mtaalamu wa wakala wa mazingira wa shirikisho, Miguel Del Toral, ambaye Juni 2015 aliandika waraka wa kuonya. Akamtafuta pia Profesa Marc Edwards wa Virginia Tech. Timu ya Edwards ikasambaza vifaa vya kupimia, na wakazi wakachota maji na kurudisha sampuli zaidi ya 250.

Kiangazi hicho hicho, jimbo nalo lilikuwa linapima. Flint ilitakiwa kukusanya sampuli 100, ikakusanya 71. Zikijumlishwa zote, mji ulikuwa umevuka kikomo. Idara ya mazingira ikaagiza sampuli mbili zitolewe kwa sababu za kikanuni, na mojawapo ilikuwa ya nyumba ya Bi. Walters. Mbili hizo zilipotoka, mji ukaonekana uko salama.

Nimelisoma jambo hilo mara nyingi na bado linanitia uchungu. Takwimu zilikuwepo, kanuni ilikuwepo, idara yenye wataalamu ilikuwepo, ripoti ilijazwa. Ndani ya idara ya afya ya jimbo pia alikuwepo mtaalamu aliyeona, mwezi Julai 2015, kwamba risasi katika damu ya watoto wa Flint ilipanda kiangazi cha mwaka uliotangulia. Habari hiyo haikwenda popote. Septemba 24 daktari wa watoto wa hospitali ya Hurley, Mona Hanna-Attisha, alisimama mbele ya waandishi wa habari na kueleza kuwa idadi ya watoto wadogo wenye risasi nyingi damuni imeongezeka karibu maradufu tangu maji yabadilishwe. Wasemaji wa jimbo walimshambulia, wakidai takwimu zao hazionyeshi hivyo. Siku chache baadaye wakazitazama upya na kukubali kuwa amesema kweli. Oktoba 16, 2015, Flint ilirudishwa kwenye maji ya Detroit, karibu miezi 18 baada ya kuhamishwa. Katika kipindi hicho watu 12 walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa Legionnaires, homa ya mapafu inayoenezwa na bakteria wa majini.

Kamati huru aliyoiunda Snyder mwenyewe ilitoa ripoti Machi 2016. Iliweka lawama kuu kwa idara ya mazingira ya jimbo, na ikaeleza waziwazi kuwa sheria ya wasimamizi wa dharura iliondoa vizuizi na mizani ambavyo serikali iliyochaguliwa ingekuwa navyo. Jimbo lilikuja kulipa dola milioni 600 katika maridhiano ya dola milioni 626 yaliyoidhinishwa na mahakama Novemba 2021. Mashtaka ya jinai dhidi ya Snyder na maafisa wengine yalianguka kwa sababu ya namna yalivyofunguliwa. Na kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui: sheria ya uhuru wa habari ya Michigan haiigusi ofisi ya gavana wala bunge. Gavana aliyewawekea raia ubao wa takwimu hakulazimika kisheria kuwaonyesha barua zake. Alizitoa Januari 2016 kwa hiari, baada ya nchi nzima kupiga kelele.

Ubao wa Michigan haukuwa na uongo kama uongo. Ulijibu maswali ambayo serikali ilichagua kujiuliza. Swali la Flint, la mama mwenye chupa ya maji mkononi, halikuwa na safu. Na lilipoulizwa kwa sauti, aliyeulizwa hakuwa na deni lolote kwa muulizaji: hakuchaguliwa naye, hakulipwa naye, hangeweza kuondolewa naye. Hapo ndipo kijana wa Baltimore na mtoto wa Flint wanapokutana.

Je, kuna mahali ambapo raia mwenyewe amepewa kiti? Nafasi moja ya kuangalia ni Washington tena, si kwenye vikao vya gavana bali kwenye sanduku la kura. Novemba 2005 wananchi wa jimbo hilo walipitisha pendekezo namba 900, walilolifikisha kwenye kura wao wenyewe kwa kukusanya saini. Lilimpa mkaguzi wa jimbo, ambaye huko huchaguliwa na wananchi, mamlaka ya kukagua utendaji wa idara yoyote ya jimbo na wa serikali za mitaa: si hesabu tu, bali kama kazi inafanyika na fedha inaleta kitu. Likamtengea sehemu ndogo ya kodi ya mauzo, asilimia 0.16 ya mapato ya jimbo ya kodi hiyo, ili asimwombe gavana fedha ya kumkagulia. Na likaweka sharti kwamba ripoti ikitoka, chombo cha kutunga sheria kinachohusika kifanye kikao cha wazi ndani ya siku 30, wananchi waje waseme. Gregoire aliondoka mwaka 2013 na jina la GMAP likaondoka naye. Mkaguzi na siku zake 30 bado wapo.

Kwetu vipo vyombo vinavyokaribiana na hivyo. Kenya ina kaunti 47 tangu 2013, kila moja na gavana wake, na katiba inamtaka Mkaguzi Mkuu atoe ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha. Tanzania ina Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), na ripoti zake huwasilishwa bungeni kila mwaka. Kenya iliwaanzishia pia watumishi mikataba ya utendaji mwaka 2004. Ripoti hizi hutoka, magazeti huandika kwa wiki moja, kamati za bunge huwaita maafisa, kisha mwaka unaofuata hoja zile zile zinarudi zikiwa na tarehe mpya. Hatuna upungufu wa takwimu. Tunachokosa ni siku ya pili: mtu yule yule kurudi mbele ya watu wale wale baada ya muda uliotajwa, na wanaokunywa maji wakiwa chumbani.

Siku hiyo ya pili mwananchi anaweza kuianzisha bila kumsubiri gavana. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya Kenya ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi lako, na saa 48 kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ya Tanzania, ya mwaka huo huo, inatoa siku 30. Kama kisima cha kijiji chako kimo kwenye ripoti na hakimo ardhini, kama zahanati ina dawa kwenye karatasi na haina rafuni, usiishie kulalamika barazani. Iulize ofisi inayohusika, ulitaje jambo lenyewe, weka tarehe, tunza nakala, na muda ukipita rudi uulize tena mkiwa wengi. Sheria ya Kenya inasema ombi hilo linaweza kuandikwa kwa Kiswahili.